Ziwa lilipochukua shamba la babu, nilihamia juu na marejea

Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi likapita kiwango cha 1964, kile ambacho wazee wa hapa kisiwani Ukerewe wametusimulia tangu utotoni. Mihogo yetu ya ufukweni tuliing'oa kabla ya wakati. Ukiuvunja muhogo, ndani ulikuwa wa rangi ya udongo, laini kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni, na harufu yake ilikaa mikononi siku nzima. Minyaa aliyoipanda babu kuwa mpaka ilisimama majini, vichwa tu nje.

Kila asubuhi mama alishuka kuitazama. "Usiniambie shamba limekwisha," alisema. "Limefunikwa."

Tulibaki na kipande cha juu, kichanga kitupu, ambacho marehemu baba alikiacha kwa kuchoka nacho. Aliyeniokoa ni baba mkwe, Mkara. Kwao Ukara, kisiwa jirani, ardhi ni ya kichanga na watu wamejaa, ndiyo maana tangu zamani ng'ombe wanafungwa nyumbani, wanakatiwa majani, na samadi inarudishwa shambani. Alipokiona kipande changu aliokota konzi ya mchanga, akauacha uchuruzike. "Mwanangu, huu una njaa. Ulishe kwanza."

Akanifundisha marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo. Unapanda uwele, ukishaupalilia unamwaga mbegu za marejea katikati. Uwele ukivunwa, marejea inabaki na kunenepa. Ng'oa mche mmoja utaona vinundu kwenye mizizi. Humo ndimo naitrojeni ya hewani inamogeuzwa chakula cha mmea. Inapoanza tu kutoa maua, ilaze na uifukie. Msimu wa kwanza nilichelewa, shina likawa mti, jembe likadunda, nikamaliza kwa panga. Usichelewe kama mimi. Msimu wa pili niliongeza samadi, na wa tatu ndipo nikapata muhogo wa kujaza mkono.

Maji yalipopungua majirani walinishauri nirudi chini. Sikurudi, na Mei 2024 ziwa likapanda kuliko hata 2020. Tena sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pale palipokauka nimepanda majani ya mabingobingo ya kulishia ng'ombe.

Mama ndiye anayeyakata, na hataki mtu mwingine aende. Jioni anapanda na mzigo kichwani kutoka kwenye minyaa ya babu, anawamwagia ng'ombe, na samadi yao tunaipeleka kule juu.