Uani kwangu Houston, bajeti ilianzia kwenye mtaro

Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu, Watanzania wawili na Mkenya mmoja, wote wa hapa Texas, wote wamenunua nyumba karibuni, na wote wanauliza swali lile lile: kuwapa kampuni kazi ya kuchora na kutengeneza bustani ya uani ni kiasi gani? Nimeona bora niandike mara moja. Nikikutajia "dola elfu ishirini na nne" kwenye simu utashtuka tu, na hutajua hela hiyo imekwenda wapi. Kwangu maua yamechukua kidogo sana. Fedha nyingi zimeliwa na maji.

Nyumba yetu iko magharibi mwa Houston, upande wa Katy. Ardhi ni tambarare kama sinia, na udongo ni mfinyanzi mzito. Aliyelima mpunga kwenye udongo wa mbuga kule nyumbani ataujua mara moja: ukilowa unavimba na kung'ang'ania kwenye viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole vitatu. Tulinunua mwaka 2019, na uani tulikuta migomba na bogenvilia za mwenye nyumba wa zamani. Kisha likaja lile baridi la Februari 2021, siku kadhaa za barafu katika mji ambao haukuizoea. Kila kitu kikanyauka. Aprili tukaita kampuni ya kwanza.

Alikuja kijana mchangamfu na picha nzuri kwenye simu yake. Karatasi aliyotuachia ilikuwa na mstari mmoja: bustani kamili, dola 7,500. Tulilipa nusu siku hiyo hiyo na nusu siku ya tatu, kazi ilipokwisha. Nyasi kijani zimetandikwa kama zulia, matuta ya maua yameinuliwa mpaka yakaufunika msingi wa nyumba. Nilipiga picha nikazituma Tanga kwa fahari.

Mei mvua ikanyesha usiku kucha. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa uani, maji yamefika kizingiti, matandazo ya magome ya miti yanaelea kama pumba, na mume wangu amepiga magoti anapanga taulo zote za nyumba sakafuni. Udongo walioumwaga ulikuwa umeinamia nyumba, kwa hiyo kila tone la uani lilikuwa linakuja kwetu. Tulipiga simu kwa wiki mbili bila kupokewa. Hata wangepokea, karatasi yetu haikutaja mahali popote maji yaende wapi. Tungewadai nini?

Siku ile nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekaa hivyo?"

Nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani hao mafundi walianza na nini? Marehemu bibi yako masika ikikaribia alishika jembe akazibua mtaro kwanza. Asumini zake alizipogoa mtaro ukishapitisha maji."

Nimefanya kazi ya hesabu za stoo miaka kumi na moja, na maneno yale ya mama ndiyo yaliyonipangia bajeti. Tulikusanya hela upya. Vuli ya 2022 tulianza tena, na safari hii tulimlipa mbunifu peke yake, kabla ya kuongea na kampuni yoyote ya ufundi.

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu wengi wetu tunaona uchungu kulipia mchoro. Texas mtu hawezi kujiita msanifu mandhari mpaka awe amesajiliwa na bodi ya jimbo. Chini yake wapo wabunifu wa bustani wasio na usajili huo, na kwa uwanja mdogo kama wetu wanatosha. Wetu alituchukulia dola 1,200. Alipima uani wote kwa kipimo cha miale ya leza, akaonyesha kila sehemu iko juu au chini kwa inchi ngapi, akachora mteremko, mabomba, kibaraza, matuta, na kuandika kila mmea kwa idadi na ukubwa wa chungu chake. Mchoro ni mali yangu. Niliwapelekea makampuni matatu, na wote wakapigia hesabu kitu kimoja. Bila mchoro, kila kampuni inakutajia bei ya bustani iliyo kichwani mwake, na wewe huna namna ya kuzilinganisha.

Kotesheni zilirudi: dola 19,400, dola 24,100 na dola 27,800. Nilikaa nazo mezani jioni mbili na kikokotoo. Ile ya chini ilikuwa imeruka bomba la kutoa maji pembeni mwa nyumba, yaani ugonjwa wetu wenyewe. Ile ya juu iliandika yadi 9 za ujazo za matandazo. Yadi moja ya ujazo ni futi za ujazo 27, na ukitandaza kwa kina cha inchi 3 inafunika takriban futi za mraba 108. Matuta yangu yote ni futi za mraba 400. Yadi 4 zinatosha na kubaki! Tulichukua ya kati, na mchanganuo wake ulikuwa hivi: kusawazisha ardhi na kuweka mtaro wa bomba dola 5,200, kibaraza cha vitofali vya pevingi, futi za mraba 300, dola 5,700, umwagiliaji dola 3,900, nyasi futi za mraba 1,500 dola 2,400, matuta na vichaka vyake dola 3,600, miti miwili dola 1,300, taa dola 2,000.

Angalia vitu vitatu vya mwanzo. Jumla yake ni dola 14,800, zaidi ya nusu ya hela yote, na karibu vyote vimefukiwa. Hata kwenye kibaraza, unachokanyaga ni tabaka la juu tu. Chini yake kuna kokoto iliyoshindiliwa na mchanga, na kampuni inayotaka kukupunguzia bei kimya kimya itapunguza hapo, maana huoni. Mimi niliomba unene wa kokoto uandikwe kwenye mkataba, na siku ya kushindilia niliomba ruhusa kazini nikasimama pale na rula.

Juu ya dola 24,100 nilitenga dola 3,600 za dharura, karibu asilimia 15. Katika kuchimba walikuta zege la zamani limezikwa kwenye kona, likala dola 900. Zilizobaki sikuzigusa kununulia maua.

Hatukuwa na hela yote kwa mkupuo, kwa hiyo tulifanya kwa awamu, na kampuni ilikubali kwa maandishi kutobadilisha bei kwa mwaka mmoja. Januari 2023 walifanya mteremko, mtaro na kibaraza. Januari ni nzuri pia kwa sababu mafundi hawana foleni. Subiri Machi uone wanavyokuzungusha. Kabla ya kupanga pevingi niliwaambia wapitishe mabomba matupu ya plastiki chini yake, kwa dola 140. Oktoba walipokuja na mabomba ya umwagiliaji hawakung'oa hata kitofali kimoja.

Kanuni ya mteremko inayofuatwa hapa ni ardhi kushuka inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Fundi mkuu alinionyesha kwa vigingi viwili, kamba na pimamaji. Kamba ikiwa sawasawa, unapima kutoka kwenye kamba hadi udongoni upande wa nyumba, kisha upande wa mbali, na tofauti ndiyo mteremko wako. Ni dakika tano. Alinifundisha pia kwamba inchi 4 hivi za msingi lazima zionekane juu ya udongo. Ukifunikwa, unyevu unapanda na mchwa wanapata njia isiyoonekana. Yale matuta mazuri ya Aprili yalikuwa yamewafungulia mlango.

Kabla ya jembe la kwanza piga 811, namba ya simu ya kuomba uonyeshwe nyaya na mabomba yaliyofukiwa. Ni bure, na sheria ya Texas inataka uarifu angalau saa 48 kabla ya kuchimba. Watu wa kampuni zenye nyaya na mabomba hayo wanakuja kupaka rangi ardhini: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu ni maji ya bomba, kijani ni majitaka, chungwa ni simu na intaneti. Ila hawachori mabomba uliyoyaweka mwenyewe, kama ya umwagiliaji wa zamani au gesi ya jiko la nje. Hayo muulize aliyekuuzia nyumba.

Umwagiliaji una sheria zake. Texas haina leseni kwa kampuni za bustani kwa ujumla, lakini mfungaji wa umwagiliaji lazima awe nayo, na namba inayoanza na LI inatakiwa iwe imeandikwa ubavuni mwa gari lake. Gari lisilo na LI, mshukuru dereva aende zake.

Chama cha wenye nyumba, yaani HOA, nacho kinataka kuona mchoro kwanza. Usianze bila barua yao, maana wanaweza kukulazimisha ung'oe. Ukitaka mimea inayostahimili ukame, sheria ya jimbo tangu 2013 haiwaruhusu kukukataza bila sababu ya maana.

Malipo safari hii yalikuwa hivi: asilimia 10 kusaini, 30 vifaa vikishuka uani, 30 mtaro ukishajaribiwa, 20 kibaraza kikiisha, na 10 ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mtaro tuliujaribu kwa mpira wa maji uliofunguliwa dakika 20, mimi nimesimama barabarani nikisubiri yatokee. Kabla ya malipo ya mwisho nilidai hati iliyosainiwa kwamba muuza vifaa na mafundi wadogo wote wamelipwa, kwa sababu kwa masharti fulani asiyelipwa anaweza kuidai nyumba yako, hata kama wewe ulishamlipa mkandarasi.

Halafu kuna gharama ambayo haiko kwenye kotesheni yoyote. Inchi moja ya maji juu ya nyasi zangu ni karibu galoni 935, na Agosti zinaitaka kila wiki. Ankara ya maji nimeipa ukurasa wake. Mali bila daftari hupotea bila habari; hili tuliimbishwa tangu shule ya msingi.

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita juu yetu. Uzio wa upande mmoja ulilala chini na umeme ulikatika kwa siku kadhaa. Lakini asubuhi ile, mvua ikiwa bado haijakata, nilivaa koti nikatoka hadi barabarani. Kifuniko cha kijani mwishoni mwa bomba la mtaro kilikuwa kimejiinua, maji yanabubujika kutoka uani kwenda kwenye mfereji wa mtaa. Nilirekodi nikamtumia mama, na umeme ulipokatika simu yangu ilikuwa imebakiza asilimia 11 ya chaji.

Awamu ya tatu, miti miwili na taa, nimeisogeza hadi Novemba, kwa sababu mti uliopandwa baridi ikianza unapata miezi ya kuotesha mizizi kabla ya jua la Juni. Bei ya zamani imeshapita muda wake, kwa hiyo naomba kotesheni upya. Kwenye tuta la karibu na mlango tayari nimepanda asumini moja, ya dola 28, na siku za barafu naifunika kwa shuka kuukuu. Jana usiku imefungua maua manne.