Kulwa ingilishi midiamu, Doto Kayumba

Naandika hii nimekaa juu ya gunia hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki na dagaa Mwanza, mwezi umeshakuwa mkubwa kwa hiyo mzigo wa dagaa hakuna, nina muda wa kuchat na ninyi.

Kila Januari kina mama wenzangu hapa sokoni wananiuliza swali lilelile, Mama Kulwa, mtoto nimpeleke Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, au nijibane hivohivo ingilishi midiamu? Wananiuliza mimi kwa sababu nilifanya kitu ambacho mtu mwenye akili zake hafanyi, mapacha wangu mmoja nilimpeleka huku na mwingine kule. Kwa msio wa kanda hii, Wasukuma hatuhangaiki na majina ya mapacha, anayetangulia Kulwa, anayefuata Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Kulwa wangu ni wa kike, Doto wa kiume, na Shija nitamfikia.

Sikupanga jamani msinihukumu. Wakiwa na miaka mitano biashara iliyumba, mama mkwe akasema niletee mmoja nikupunguzie mzigo, na Doto ndo alikuwa haachi kanga ya bibi yake, basi akavushwa ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda kijijini upande wa Sengerema akaanzia awali huko huko shule ya serikali. Kulwa akabaki mjini, baba yao alikuwa bado na kazi ya kueleweka, tukamwandikisha ingilishi midiamu, basi la njano linampitia saa kumi na mbili kasoro na soksi nyeupe hadi magotini.

Ada milioni moja na laki tatu kwa mwaka, awamu nne, basi laki nne pembeni. Wenye mshahara mtasema mbona kawaida. Sisi wa dagaa hela yetu inatembea na mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa dagaa wanaifuata, ikija mbalamwezi taa haiwavuti tena, mitumbwi inapumzika na sisi tunapumzika na njaa yetu. Sasa mhasibu wa shule hajui mambo ya mbalamwezi, tarehe ya awamu ikiangukia mwezi mpevu mtoto anarudishwa na kikaratasi. Nimeshawahi kumwambia yule dada mpokea ada nivumilie mpaka giza lirudi, akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Haya, twende kwenye kusoma kwenyewe. Likizo ya mwezi wa sita wakiwa darasa la pili Doto alikuja mjini, na mimi kama mama yeyote nikataka kuwaona wakisoma. Kulwa akasoma kakitabu kake ka Kiingereza, nikamuuliza maswali akajibu, sina la kusema, mtoto anajua. Doto akafungua kitabu cha Kiswahili alichotoka nacho shuleni akaanza kwa ile sauti ya darasani ya kuimba, watoto wanaenda kisimani, wanabeba ndoo, kidole kinatembea chini ya mistari vizuri kabisa na bibi yake pembeni anatabasamu. Kuna kitu kikanikwaza, mdomo ulikuwa umeshamaliza sentensi na kidole bado kiko mstari wa juu. Nikaweka kiganja changu juu ya picha ya kisima. Kimya. Nikafungua ukurasa wa mbele ambao hauna picha, kimya. Nikamwonyesha neno moja tu, "nyumba", akasema "kisima".

Hakulia. Alinitazama kama abiria aliyekamatwa na konda ana nauli pungufu. Kulwa akauliza kwa Kiingereza chake cha puani kama pacha wake hajui kusoma, na Doto hakuelewa swali, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilivuka wiki ileile shule zilipofunguliwa nikiwa nimepania kugombana na mtu. Nikafika darasa la pili, watoto 143, mwalimu mmoja, dawati la watatu wamekaa watano na waliobaki wako chini na madaftari mapajani. Hasira zote zikaniisha mlangoni. Yule madamu ni binti mdogo tu, sauti imemkauka, akaniambia "Mama Doto, huyu mtoto ni mtulivu, wenzake wakiitikia na yeye anaitikia, mimi nitamjuaje?" Nikatoka nje nikafungua kikokotoo cha simu. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30, hiyo ni sekunde 1,800, gawanya kwa 143, kila mtoto ana sekunde 12 na ushee. Hapo madamu hajasalimia, hajafuta ubao, hajaamua ugomvi wa penseli. Kwa Kulwa wako 32, karibu dakika nzima kila mmoja na kuna msaidizi, na kuna dayari natakiwa kusaini kila jioni kwamba amenisomea. Siku nikisahau kusaini napigiwa simu.

Kwa hiyo mtu akiniambia walimu wa praiveti wanafundisha vizuri kuliko wa serikali namuuliza umewaona wapi. Jirani yangu ni mwalimu wa Kayumba, ana diploma yake na miaka yake kazini, na mtoto wake anapanda lile lile basi la njano na Kulwa. Nilimtania siku moja, mwalimu vipi, unakikimbia chakula ulichopika mwenyewe? Akasema "sio kwamba sijui kufundisha Mama Kulwa, ni kwamba niko peke yangu." Upande wa pili, huyo ticha wa hesabu wa Kulwa niliyekuwa namsifia kila kikao cha wazazi, majina ya ajira za serikali yalipotoka lake likawemo, akaaga Ijumaa Jumatatu hayupo, watoto wakakaa wiki tano bila hesabu na ada haikupunguzwa hata mia. Wengi wa praiveti wako hivyo, vijana wanasubiri serikali iwaite, kwa sababu kule kuna pensheni na hufukuzwi kwa kumjibu mkurugenzi.

Na hili la praiveti ni bora halikuwa hivi siku zote. Baba yangu mdogo alisoma Bwiru, sekondari ya serikali hapa Mwanza, na kwa kizazi chao ukisema unasoma sekondari ya praiveti watu wanakuonea huruma, maana yake hukuchaguliwa. Msingi ndo kabisa, baada ya Azimio la Arusha shule karibu zote ziliingia mikononi mwa serikali. Afu Novemba 1974 hapo Musoma, ziwa letu hilihili, chama cha TANU kikaamua kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977 badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa, ndo ile UPE, elimu ya msingi kwa wote. Walimu hawakutosha wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, wengine kwa redio, watu wakaibatiza UPE Ualimu Pasipo Elimu. Mama yangu amefundishwa na hao. Anaandika barua nzuri kunishinda mimi, lakini hilo tuliache.

Ninachotaka kusema ni kwamba mchezo ni uleule, mlango unafunguliwa watoto wanajaa, vyumba na walimu vinakuja nyuma vinachechemea. MMEM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilivyofuta ada ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakajaa, elimu bila ada ya Januari 2016 wakajaa tena na sekondari hadi kidato cha nne ikaingia humo, na 2022 kidato cha tano na sita. Na mimi siko upande wa wanaobeza, kijijini kwa mama mkwe kuna mabinti wako darasani leo ambao bila hiyo wangekuwa wanaanika dagaa mchangani. Ila kiwango cha ruzuku tulichozoea kusikia toka enzi za MMEM ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Kwa mwaka! Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, humo humo. Ndo maana bila ada yenyewe ina uji, ina mlinzi, ina mia mbili ya tuisheni, ina mia tano ya mtihani wa Ijumaa, na mtoto asiyekuja nayo anajua mwenyewe.

Wale Uwezo, watafiti wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba toka kwenye 2010 na 2011 huko, wanampa mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili wanasema nisomee, na wakaona wengi hata wa darasa la tatu hawawezi. Nilikuwa nasikia redioni nasema hao watoto wa wapi hao. Kumbe mmoja ni wangu.

Sasa msije mkadhani nawapigia debe praiveti, subirini. Kulwa alipofika darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa, alipata wastani wa 66. Kwenye shule yake kuna kitu kinaitwa wastani wa shule, ni 70. Tukaitwa ofisini, tumeketi kwenye makochi mazuri, tukaambiwa kwa upole sana mtoto arudie darasa la tatu au tumtafutie shule nyingine itakayomfaa. Mtoto aliyekaa kwao toka beibi klasi! Nikauliza, hizi alama alizikosa wapi, si hapa kwenu? Kumbuka zile wiki tano bila hesabu. Mkuu wa taaluma akasema shule ina viwango vyake. Nje getini kuna bango kubwa linasema wanafunzi wote wamepata A. Lazima wapate A, kama anayeelekea B anaonyeshwa geti kabla hajafika kwenye mtihani. Kayumba haiwezi kufanya hivo, inabeba aliyekuja na aliyekuja, mwenye daftari na asiye na daftari, aliyekunywa uji na aliyelala njaa, afu matokeo yakitoka tunaweka namba mbili pembeni tunasema mmeona tofauti ya ufundishaji. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kwenye matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023 watu walilalamika mitandaoni, mimi nilipiga makofi. Mabango lakini hayajapungua, pita barabara ya Nyakato uone sura za watoto wa watu zimetundikwa kama wagombea.

Tulipambana, baba yao aliandika barua mbili, Kulwa akaendelea na darasa lake na akafaulu upimaji wake vizuri tu. Na bado yuko kulekule. Najua mnaniuliza kwa nini. Kwa sababu ya kidato cha kwanza. Watoto wa Kayumba wanasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, wakivuka tu sekondari baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, mtihani Kiingereza, mtoto aliyekuwa anajibu usanisinuru vizuri anaanza kukariri maneno asiyoyajua kama kasuku. Nimeona binamu zake wakizama hapohapo. Kwa hiyo ile milioni na laki tatu nikiichambua vizuri nanunua vitu viwili, Kiingereza na mtu wa kugundua mwanangu amekwama. Bei yake ninayoilalamikia ni kwamba Kulwa akimwandikia bibi yake barua anaandika "gombe" akimaanisha ng'ombe, na bibi anadhani ni utani.

Doto nilimhamishia hapa mjini, Kayumba ya mtaani, wako tisini na kitu. Na tafadhali mtu asiniletee ile hadithi ya mtoto wa kijijini ana akili ya maisha. Ni kweli chenji hapigwi na sado la dagaa, lile kopo la kupimia, anakuhesabia bei kichwani, lakini karatasi ya darasa la nne haiulizi bei ya sado. Nilichofanya, kuna kijana amemaliza kidato cha sita hapa jirani anasubiri chuo, nikawa nampa elfu moja kila jioni akae na Doto nusu saa, wawili tu. Na asubuhi za Jumamosi nakuja naye mwaloni tunasoma majina ya mitumbwi. Hiyo haina picha ya kuibia. NYOTA NJEMA ilimchukua dakika tatu, hiyo "ny" ilimtoa jasho. Sasa hivi ananisomea mpaka matangazo ya waganga kwenye nguzo, mengine natamani asingeweza.

Mwezi uliopita kukawa na mtumbwi mpya umepakwa rangi ya bluu, ubavuni umeandikwa NGWANAMALUNDI, jina la yule mtu wa miujiza wa Kisukuma. Doto akasimama, akausoma, akarudia, akamfuata mwenye mtumbwi, "Shikamoo baba, hapa mmekosea, hamjaweka kile kialama juu baada ya g." Mzee akautazama mtumbwi wake muda mrefu. Akasema "marahaba, mjukuu wangu, samaki hawasomi." Lakini juzi nimepita nimeona ameshachomekea kialama, kimepinda kama mdudu.

Shija ana miaka minne. Fomu ya ingilishi midiamu ipo juu ya friji toka wiki iliyopita, elfu ishirini ya fomu nimeshatoa, baba yake anauliza kila akifungua friji kuchukua maji. Mwisho wa kurudisha ni tarehe 15, na tarehe 15 nimeangalia, mwezi utakuwa bado mkubwa.