Herufi Ndogo Chini ya Tai: Nilivyojifunza Kuzitambua Dola za Fedha za Marekani

Dola yangu ya kwanza ya fedha niliiharibu mwenyewe, na niliiharibu kwa mapenzi. Niliinunua hapa Columbus, Ohio, kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu. Ilikuwa imeingia weusi, ukingoni ikawa na rangi ya buluu iliyochanganyika na ya dhahabu. Kwetu Tanga fedha husuguliwa. Mama hakuvaa bangili zake sikukuu ya Idi kabla hajazipitisha kwenye ndimu na majivu. Basi nami nikaketi jikoni na ndimu na magadi, nikasugua mpaka ikametameta.

Mzee mwenye duka la sarafu aliigeuza mara moja tu, akanirudishia. "Umeiosha," akasema. Akanipa lenzi yake nitazame: shavu la mwanamke aliyechorwa usoni pa sarafu lilikuwa limejaa mikwaruzo myembamba kama nywele. Rangi niliyoidhani uchafu ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na wakusanyaji, na haikuwa na namna ya kurudi.

Tangu siku hiyo nikawa naenda dukani kwake kila Jumamosi nikitoka kazini. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: usianze na mwaka, geuza sarafu kwanza. Dola za Morgan, zilizochorwa na George T. Morgan, zilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha mwaka 1921 tena. Nyuma kuna tai, chini yake shada la majani, na chini ya fundo la shada ndipo inapokaa herufi ya kiwanda kilichoitengeneza. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City, na D, ya mwaka 1921 peke yake, ni Denver. Pasipo na herufi, ni Philadelphia. Dola za Amani, aina nyingine ya dola za fedha, zilizoanza mwaka huo huo wa 1921 na kuisha 1935, herufi yake iko karibu na ncha ya bawa la tai, nami nilihangaika nayo wiki nzima kwa kuitafuta mahali pa Morgan.

Herufi hiyo hubadilisha kila kitu. Morgan ya 1921 isiyo na herufi ilitengenezwa zaidi ya milioni 44, kila duka unaikuta. Ya 1893 yenye S ilitengenezwa 100,000 tu. Lakini hata hesabu hizo zisikulaze usingizi. Sheria ya Pittman ya mwaka 1918 iliruhusu dola za fedha ziyeyushwe, zikayeyuka zaidi ya milioni 270, na hakuna aliyeandika zilikuwa za miaka gani. Huwa nasikitika nikiliwaza hilo.

Kwa sababu herufi ina thamani, wahuni nao wanaijua. Sokoni muuzaji mmoja aliniuzia 1889 CC kwa bei niliyoiona ya bahati. Nilijaribu sumaku, haikunasa, kama fedha isivyonasa, nikafurahi. Nyumbani nikaiweka kwenye mizani ndogo, aina ile ya masonara: gramu 23 na ushee. Dola halisi ya miaka hiyo, Morgan au ya Amani, ni fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, uzito wake gramu 26.73 na upana milimita 38.1. Matumizi ya miaka mingi huila kidogo, ila hayali gramu tatu. Muuzaji sikumwona tena. Sasa mizani haitoki mfukoni, na anayekataa sarafu yake isipimwe sinunui kwake.

Niliyoitamani hasa ilikuwa CC halisi. Kiwanda cha Carson City kilikuwa Nevada, karibu na migodi ya fedha yenyewe, na kiliacha kutengeneza sarafu mwaka 1893. Bahati ni kwamba magunia ya dola zake yalibaki katika hazina ya serikali, na kuanzia 1972 serikali ikaziuza kwa wananchi. Ndiyo maana 1884 CC, ambayo nyingi hazikupita mikononi mwa watu, mtu wa mshahara wangu anaweza kuifikia akijibana.

Nilijibana miezi minane. Yule mzee alipoitoa niliigeuza kwanza, nikaziona C mbili chini ya fundo, nikaipima: 26.7. Ina wingu la manjano upande mmoja. Sijaligusa.