Kidole cha mama

Jana nimemaliza picha niliyoianza mwezi wa tatu: mama anachambua maharage barazani, nyuma yake milima ya Usambara. Watu huniuliza rangi zangu nazitoa wapi. Nazitoa nyumbani, Lushoto. Ukisimama Irente alfajiri, bonde lote limefunikwa na ukungu. Jua likipanda unaanza kuyaona mashamba ya mkonge ya Mazinde kule chini, mistari imenyooka. Kijani cha mkonge kina ujivujivu ndani yake, na kimenihangaisha miaka.

Natumia rangi za kopo, zile za kupaka baiskeli, kama alizotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Zinang'aa vizuri sana.

Kazi kubwa ilikuwa mikono ya mama. Kidole gumba cha kulia kimepinda kwa sababu ya jembe. Nimekifuta mara nne. Jana jioni nikamwonyesha. Akakitazama, akashika chake, akasema, "Hiki changu kweli, mwanangu." Kisha akauliza, "Na marehemu baba yako umemweka wapi?"

Leo asubuhi nimenunua ubao mwingine.