Tumepiga mbizi Ssese, watu wakatupa pole

Rafiki zangu wa Kampala kila wakisikia napiga mbizi Ziwa Victoria, kule visiwa vya Ssese, wananiambia si uende Zanzibar tu, na kweli kisiwa cha Mnemba huko nimezamia, maji meupe, kasa unamwona tangu yuko kule mbali. Lakini Zanzibar ni nauli ya ndege bana. Ssese ni mafuta ya gari mpaka Masaka, unashuka Bukakata, feri ya bure mpaka Luku, ushafika kisiwa cha Bugala.

Mitungi ya hewa tulibeba wenyewe kwenye pikapu, boti tukakodi ya mbao pale mwaloni kwa mzee mmoja, tukamwomba atupeleke kwenye kisiwa kidogo cha mawe, mbali na matete kabisa kwa sababu ya kichocho. Wale konokono wake wanapenda maji ya pembeni yenye majani, so unaruka upande wa kina kirefu, na baadaye dawa unameza tu hata kama hujioni mgonjwa.

Tukiwa tunavaa vifaa ukaja mtumbwi wa wavuvi, vijana watatu, wakazima injini, wakaangalia mitungi, wakanyamaza. Halafu mmoja akasema, "Poleni jamani. Amezama lini?"

Maana huku ukiona mtu na mtungi mgongoni ni polisi wanatafuta maiti, nani mwingine atavaa hivyo? Mzee akawajibu, "Hakuna aliyekufa wanangu, hawa wanaenda kuangalia samaki." Yule kijana akatutazama weee, "Samaki si wako sokoni, ssebo (bwana)?" Mi nilikosa jibu hadi leo.

Sasa chini. Maji ni kijani kama yaliyochemshiwa mchicha, mkono ukiunyoosha unauona, mwenzako akisogea kidogo kapotea, kwa hiyo tulikaa wawili wawili bega kwa bega na kila mtu na kisu, maana nyavu zilizokatika zimenasa kwenye mawe na hazionekani mpaka zikukamate. Risasi za kiunoni, yaani vile vyuma vizito vya kukuzamisha, tulipunguza, maji baridi haya hayakubebi kama ya chumvi. Na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo naitrojeni iliyoingia mwilini inataka kutoka kwa fujo zaidi ukipanda, jedwali la baharini la muda wa kukaa chini hulitumii hivihivi. Chemba za kutibu ugonjwa wa hiyo naitrojeni ninazozijua mimi ziko pwani huko, Zanzibar na Mombasa. Tukakubaliana mita 12 basi, hata kama kompyuta ya kuzamia inasema bado una muda.

Ila kwenye mawe, ukitulia, ukisogeza uso karibu kabisa, nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, wanatoka. Niliona jike mmoja kidevu kimevimba, mdomo kaufunga tiii, hali kitu, nikajua kabeba watoto humo, ndo wanavyolea hawa. Nikamsubiri nikihesabu pumzi. Akarudi nyuma kidogo, akafungua, vikatoka vidudu vidogo vyenye macho tu, nilivyotikisa pezi vikarudi vyote mdomoni kwa mama. Sangara walipoletwa ziwani miaka ya 50 na 60 walikula jamaa zao wengi mpaka aina nyingine hazikuonekana tena, waliobaki wengi ndo hawa wa kwenye mawe, sangara mkubwa hapenyi. Mnemba utapita juu ya kitu kama hiki ukikimbilia kasa.

Jioni tukagombana kidogo. Jamaa mmoja alitaka kuendesha usiku huohuo kwenda Kabale kwa shemeji yake, Kabale ni karibu mita 2,000, na kupanda mlima na gari baada ya kuzamia ni shida ileile ya kupanda ndege, hewa inazidi kuwa nyepesi na naitrojeni bado imo mwilini. Akasema mbona najisikia poa. Tukamficha funguo za gari, akanuna, akala sangara wa kukaanga peke yake kwenye kona, kesho yake mchana ndo akaondoka, na shemeji kanipigia mimi kulalamika.