Bakajani mbili za nyanya: geuza jani kabla hujanunua dawa

Majani ya nyanya yakianza kuungua, wengi hukimbilia duka la pembejeo kuomba dawa ya ukungu. Lakini magonjwa mawili ya madoa ya majani, bakajani tangulia (early blight) na bakajani chelewa (late blight), hayatibiwi sawa. Metalaksili, dawa ya bakajani chelewa, haina nguvu yoyote kwa bakajani tangulia. Sababu ni kwamba kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, si kuvu (ukungu) halisi kama cha bakajani tangulia; ukoo wake uko karibu zaidi na mwani.

Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, yaliyozeeka. Doa lake ni kavu, la kahawia, lina miduara inayozungukana, na pembeni jani huwa la njano. Tunda huoza karibu na kikonyo, likabonyea na kuwa jeusi. Ugonjwa huu hupenda joto la nyuzi 24 hadi 29 na hausambai haraka, kwa hiyo kuondoa majani ya chini mapema husaidia sana.

Bakajani chelewa hupenda baridi na unyevunyevu, hali ya Lushoto au Njombe wakati wa mvua. Jani huonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Doa halina miduara, shina hupata mabaka meusi, na tunda bichi huwa na baka la kahawia ilhali bado ni gumu. Shamba zima laweza kuisha ndani ya wiki mbili.

Ukiwa na shaka, nenda shambani umande ungalipo, ugeuze jani. Bakajani chelewa huacha utando mweupe ukingoni mwa doa. Jua likipanda hupotea. Umechelewa? Chuma jani lenye doa bichi, liweke kwenye kopo lenye mfuniko juu ya karatasi iliyoloweshwa, upande wa chini ukitazama juu, kivulini hadi kesho yake. Utando ukiota, ndiyo yenyewe.

Mmea ulionyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haitausaidia.

Dawa ya ukungu iitwayo mankozebu hukinga dhidi ya bakajani zote mbili, ila haiponyi jani lililokwisha kushikwa. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, na nyunyiza hadi chini ya majani. Kagua pia viazi mviringo vya jirani: bakajani chelewa yao ni hiyo hiyo, na vijimbegu vya ugonjwa huo (spora) hubebwa na upepo.