Miavuli ya Burma

Babu mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa, na jina lake lilinijia kwa njia ya ndoto. Kwetu Siaya, mbali na jina la saa ya kuzaliwa, mtoto hupewa pia nying juogi, jina la marehemu aliyemtokea mmoja wa jamaa usingizini na kulidai. Babu alimtokea bintiye mkubwa, shangazi yangu. Tangu hapo shangazi haniiti kwa jina. Ananiita Baba.

Nilikua nikijua kwamba mimi ni mtu aliyerudi. Nikinuna, wazee walitikisa vichwa: "Ndiye huyo huyo." Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana na Wajapani huko Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944. Alirudi mkimya. Mvua ya usiku ikipiga mabati alitoka kitandani, akaketi mlangoni hadi ikatike. Mimi pia, tangu utotoni, mvua ya usiku hunikosesha usingizi, na silali mpaka viatu viwe karibu na mkono wangu.

Halafu kulikuwa na ile ndoto. Bonde la matope, watu wenye mizigo wanakwenda kwa mstari, na juu yao miavuli mikubwa myeupe inashuka kutoka mawinguni, haina wa kuishika, imebeba magunia. Nilipoisimulia nikiwa mdogo, sebule nzima ilinyamaza. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wenzake babu waliteremka Bonde la Kabaw katika mvua kubwa, barabara zimegeuka tope, malaria inawaangusha, na chakula wanadondoshewa na ndege kwa miavuli, hadi walipofika Kalewa mwezi wa Desemba. Mtoto wa kijijini aliyajulia wapi hayo?

Swali hilo ndilo lililonifanya nisome saikolojia chuoni. Likizo moja nilimkuta shangazi uani akichambua omena kwenye uteo, nikamsimulia ndoto ile upya, nikitaka aniambie babu alieleza nini hasa kuhusu ile miavuli. Hakuinua hata macho.

"Si ni nyanyako aliyekuwa akikuonyesha?"

Nyanya simkumbuki kabisa. Alifariki nikingali mdogo mno.

"Jioni mkishakula anakupakata, anakupa habari za Burma kama Baba alivyompa yeye. Akifika kwenye ndege, anarusha leso juu."

Akajifuta mikono, akaifungua leso yake kiunoni, akairusha. Ilitanda hewani, ikajaa upepo, ikaanza kushuka. Kabla sijafikiri lolote, shingo yangu ilikuwa imejikunja na mabega yamepanda, nasubiri kitambaa kinitue kichwani.

"Ulikuwa ukicheka hadi unakwama pumzi," alisema. "Tena, Dani, tena." Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

"Na viatu?"

"Miaka yote aliviweka karibu na mkono wa mumewe. Mzee alipoondoka, ulipozaliwa wewe, akawa anaviweka karibu na wako."

Nilimweleza habari za Théodore Flournoy, mwanasaikolojia wa Geneva, ambaye mwaka 1900 alichapisha uchunguzi wake kuhusu mwanamke aliyempa jina la Hélène Smith. Mama huyo alisema aliwahi kuishi kama binti mfalme huko India. Flournoy alipekua hadi akayapata majina aliyoyataja ndani ya kitabu kikuukuu cha historia ya India, kilichokuwamo katika maktaba za mji huo huo. Kwa maoni yake, akili ya ndani, ile tusiyoitambua, hutunza kitu vizuri kabisa huku ikiwa imesahau kilikotoka. Hata Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyekusanya visa zaidi ya 2,000 vya watoto wanaosema waliwahi kuishi kabla, aliulizwa na wakosoaji wake swali hilo hilo: nyumbani mtoto alikuwa akisikia nini?

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza baba yake.

"Sawa, Baba. Na mimi nilipoota unaomba jina, leso nilirushiwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ndoto yake siwezi kuipekua kama nilivyoipekua yangu, wala sitaki kumnyang'anya. Kilichonishika koo ni kingine. Katika ukoo mzima kila tabia yangu ilihesabiwa ya babu. Nyanya hakuna aliyemtaja. Kumbe mikono yake ndiyo iliyoniwekea hofu ya mvua, na viatu, na lile bonde ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona. Mjane aliyebaki na vita vya mumewe kifuani alimpata mtoto wa kuvipokea, akavigeuza mchezo ili nisiogope.

Nikamwomba shangazi aache habari za babu, anipe za nyanya, zote. Akausogeza uteo kando, akaanza na siku vita vilipokuwa vimekwisha, nyanya akiwa kituo cha reli cha Yala tangu alfajiri, anamsubiri mume ambaye hakuwa na hakika kama yumo kwenye garimoshi.